Kimya cha Madame Yagoda

La Rochelle, Johannesburg
9 Februari 2025

Kwa mdogo wangu Marthe, Katuba, Lubumbashi.

Nakusalimia kwa jina la Bwana, na nyuma ya salamu nakujulisha kwamba mimi yaya wako, kaka yako mkubwa, Ruphin niko mzima, mgongo mzima, meno yaliyobaki mazima, mashine ya kushona nzima. Mwanangu Exaucé bado ni mlinzi kule Marshalltown, anashinda amesimama mlangoni pa watu wenye pesa. Binti yake Orpha anakusalimia kwa Kizulu. Sijui amesema nini, alicheka tu.

Barua hii nimeiandika mwenyewe, mkono wangu huu. Hapa watu wanashangaa, wanasema Mzee Ruphin aliacha shule darasa la tatu, ameandikaje? Ninawajibu niliacha kwa sababu mwalimu alikuwa amemaliza vyote alivyokuwa navyo.

Sasa sikia. Mwezi uliopita aliingia dukani kwangu bibi mmoja mzungu, mrefu, mzee kama sisi, amebeba gauni la mahameli jekundu kama mawese. Akaniambia kwa Kifaransa, nikatie hili, unitengenezee foronya za mito ya viti. Nikalishika gauni. Marthe, mimi nimemshonea suti gavana wa Katanga, unajua, lakini gauni kama lile sijaliona. Nikamwambia hapana. Akasema, gauni ni langu. Nikasema, na mkasi ni wangu.

Tukakaa tunatazamana hivyo mpaka umeme ukakatika. Ndipo akacheka, akaniachia gauni, akasema nitabadili nia.

Kumbe ni mtu mkubwa. Jina lake Madame Yagoda, kwao ni Kroatia, ukifika Italia unavuka maji, ni pale. Kazi yake ilikuwa opera. Wewe hujui opera, nikueleze. Ni hadithi ambayo watu hawasemi, wanaimba tu, hata kama anataka maji ya kunywa anayaomba kwa kuimba, na hakuna mikrofoni. Yeye ni soprano, ile sauti ya kike ya juu kabisa. Katika kwaya yetu kazi hiyo ni ya Mama Brigitte, lakini yeye akipanda juu mbwa wa jirani wanamjibu.

Basi Jumapili nilisimama kanisani nikatangaza kwamba mwimbaji mkubwa wa Ulaya, rafiki yangu, ataimba na kwaya yetu siku ya Pentekoste. François wa kinyozi akacheka mbele ya watu. Nikasema asipoimba, mimi Ruphin ninaachia kiti changu cha mshauri wa kwaya, kiti nilichokalia tangu kanisa lilipokuwa gereji, na kikaliwe na François. Pasta Marcellin akakubali, na François amekubali haraka mno.

Tafadhali nitumie ndakala, vile visamaki vikavu vya ziwa letu, mingi kidogo.

Ni mimi yaya wako mwenye sauti ya chini kuliko wote,
Ruphin


Katuba, Lubumbashi
16 Machi 2025

Yaya Ruphin,

Salamu nyingi zipande basi pamoja na barua hii. Sisi huku tuko salama. Mvua imebomoa jiko la nje, nimelijenga tena. Mama Brigitte alifika na mizigo yake ya wigi, barua yako ilikuwa katikati ya nywele, nilipoifungua nilidhani umenitumia kichwa.

Wajukuu wananiuliza kwa nini nisizungumze nawe kwa simu kama watu wengine. Nimewaambia ukipiga simu unasema wewe peke yako mpaka unité zinakwisha, halafu unalalamika kwamba sikukujibu. Kwa barua angalau ninapata zamu yangu.

Suti ya gavana nimeisikia. Nakumbuka ulimshonea dereva wake, na ilikuwa suruali.

Nimeisoma barua yako mara mbili, nikamsomea na jirani. Wewe umekubali. Pasta Marcellin amekubali. François amekubali, tena haraka. Sasa yaya, huyo Madame mwenyewe amekubali lini?

Na ndakala. Tangu utoto wetu Moba ndakala zilikuwa zinakukwama kooni, Mama alikuwa anakupikia yai kwa siri na sisi wengine tunaona. Leo unaomba mingi kidogo. Nimekutumia mfuko mdogo. Uniambie ni za nani, nitajua nitume kiasi gani.

Mdogo wako,
Marthe


La Rochelle
13 Aprili 2025

Mdogo wangu Marthe,

Pokea salamu za Jumapili ya Matawi. Mimi mzima. Baridi inaanza, mvua tumeiaga. Exaucé amepewa koti jipya la kazi, mikono mirefu, nimeipunguza. Ndakala zimefika, zimeliwa.

Dereva wa gavana ni gavana pia, yeye ndiye aliyekuwa anaonekana.

Unataka kujua habari za Madame Yagoda, basi nikueleze, kwa sababu ninapitia kwake kila Jumatano kuangalia vipimo, eti vya mito ya viti. Nyumba yake iko baada ya robot ya pili, zile taa za barabarani, nyuma ya duka la mikate la Wareno. Mji aliozaliwa unaitwa Shibenik. Mama yake alikuwa kwenye kiwanda cha samaki, wanawake wamesimama mstari mmoja wanapanga samaki wadogo kwenye makopo na wanaimba ili mikono isisikie baridi. Yeye akiwa mtoto alikaa chini ya meza. Siku moja akaimba kutoka chini ya meza, wanawake wakaacha kazi, wakampangusa uso kwa aproni zao, msimamizi akawakata mshahara. Hilo ndilo tamasha lake la kwanza.

Kutoka pale alipelekwa Zagreb kusoma kuimba. Miaka mingi, Marthe. Mwaka mzima wa kwanza mwalimu wake hakumruhusu kuimba wimbo hata mmoja, alikuwa anapumua tu. Nilimwambia mimi nilijifunza besi siku moja. Akasema inasikika.

Halafu Vienna, halafu Milano, halafu Amerika. Mapicha yamejaa ukuta. Kazi yake kubwa ilikuwa kufa. Kila jioni anakufa, mara kwa sumu, mara kwa kisu, mara nyingi kwa kifua, na anakufa anaimba. Nilimuuliza, mgonjwa wa kifua anapata wapi pumzi ya kuimba hivyo? Alicheka mpaka akakohoa, akasema katika Ulaya yote hakuna aliyethubutu kumuuliza. Hilo gauni jekundu ndilo alilolivaa mara ya mwisho kufa. Kifaransa chake pia amekipata humo humo kwenye nyimbo, kwa hiyo hata akiniomba nimpitishie sukari anasema kama vile tunaachana.

Alikuwa na mume, Ante, injinia, akaitwa huku kwenye migodi ya dhahabu. Naye akaacha majukwaa yote akamfuata. Watu wa kwao waliandika magazetini kwamba amepoteza akili. Ante amefariki, yapata miaka kumi na moja. Alimwimbia makaburini, na tangu siku hiyo hajaimba tena. Hata jikoni haimbi.

Gauni sikulikata. Nimelifumua lote, ninalirudisha mshono kwa mshono, kiunoni ninaongeza kitambaa, kwa sababu mwili wa mtu unajua miaka. Yeye anafikiri ninashona foronya.

Swali lako nitalijibu barua ijayo, karatasi imekwisha.

François ameanza kukizungukia kiti changu. Jumapili iliyopita aliweka koti lake juu yake, akasema alikuwa anatafuta mahali pa kulitundika. Nikamwambia koti hilo nimelishona mimi, ninajua mahali linapochanika. Mtu wa namna ile, Marthe, anajua hotuba moja tu maisha yake yote, ile ya kuposa, kila harusi wanamkodi yeye, anaanza na ua, anamaliza na kisima. Sasa anataka kushauri kwaya.

Nimerudi kuongeza hapa pembeni. Leo nilimwonyesha gauni, nikamuuliza kama ataimba. Aliinuka akafunga dirisha, akakaa amenipa mgongo. Nikatoka. Usimwambie mtu.

Ndakala nyingine.

Ruphin


Katuba
18 Mei 2025

Yaya wangu,

Nakusalimu na nyumba yako yote. Barua yako imechelewa mpakani Kasumbalesa, Mama Brigitte anasema walikaa pale mpaka akauza wigi kwa maaskari.

Karatasi ilikwisha, lakini nimeona ilibaki ya kutosha kumsema François.

Yaya, sasa nimeelewa. Umemwahidi kanisani mtu ambaye hukumuuliza, na ulipomuuliza akakupa mgongo. Huyo ni mjane. Umegusa wimbo aliomzikia mume wake. Sikukasirikii, wewe mdomo wako unatangulia kila mahali, unafika, unakaa, sisi wengine bado tunatafuta viatu.

Fanya hivi. Usiende tena peke yako. Kwetu mtu haendi peke yake kuomba msamaha kama mwizi anayerudisha sufuria. Unakumbuka Baba alipomkosea shemeji yake? Alikwenda na wazee, na kuku, na kitenge, na cha kunywa, na mwenye maneno akasema kwa niaba yake. Fanya kama Baba. Halafu nenda kwa Pasta, umwambie ukweli, kiti kiende. Kiti ni mbao.

Natuma ndakala mfuko mkubwa. Bado hujaniambia ni za nani. Mimi ninaweza kungoja.

Marthe


La Rochelle
10 Juni 2025

Mdogo wangu Marthe,

Salamu, sote wazima, sitaki kupoteza karatasi. Lakini wewe ndiye umeniponza, kwa hiyo kaa chini usome.

Barua yako ilifika Ijumaa, siku mbili kabla ya Pentekoste. Jumamosi asubuhi nikampelekea gauni limekwisha. Nikasema moyoni, haimbi basi, lakini gauni ni lake. Alifungua mlango. Nikasema bonjour. Akaweka kidole mdomoni, akachukua gauni, akafunga mlango. Marthe, mtu aliyefungiwa mlango anajua kwamba amefungiwa.

Hapo nikakumbuka maneno yako kuhusu Baba. Nikatafuta wazee. Pasta Marcellin akakubali. Mzee Bakiri, yule Mtanzania mwenye spaza, kile kiduka cha kwenye kona, akatoa kreti ya Fanta. Mama Brigitte akachagua kitenge. Kuku nilimnunua mwenyewe, mwekundu, mzito. Ikabaki mwenye maneno. Nani ana maneno La Rochelle yote? Eish. Nilikwenda mwenyewe kinyozi kwake, nikamsihi François mbele ya wateja, mmoja amenyolewa nusu.

Saa za mchana tuko mlangoni, wanaume wanne wenye kofia mkononi na kuku. Madame Yagoda akafungua, shingo imefungwa skafu tatu. Akatukaribisha kwa mkono. Tukakaa. Mimi mkosaji sisemi, ndiyo desturi. François akasimama, akakohoa, akaanza kwa Kifaransa kizuri: Madame, sisi ni wapita njia, tumepita mbele ya nyumba hii, tumeona ua.

Nikamvuta koti. Akaendelea. Ua hili limenyauka kwa kukosa mtu wa kulimwagilia, na sisi kwetu tuna kisima, ni cha zamani, kweli, lakini bado kina maji. Nikamvuta tena pale ninapopajua, koti likachanika, akaendelea na mkono mmoja wazi. Pasta anatazama dari. Mzee Bakiri ananinong'oneza, mwenzangu, mbona hukutuambia kama ni hii, ningevaa kanzu.

Yeye anatutazama mmoja mmoja. Hasemi hata neno. Halafu akainuka, akampokea kuku kwa mikono miwili. Akapokea kitenge kwa mikono miwili. Akafungua Fanta, akanywa. Akachukua kikaratasi akaandika neno moja, demain, kesho, akatufungulia mlango.

Nje François akanipa mkono. Akasema, Mzee Ruphin, mwanamke akipokea kuku kwa mikono miwili na akanyamaza, kwetu mambo yamekwisha. Nikamwambia tulikwenda kuomba msamaha, wewe. Akasema, msamaha gani wenye kitenge cha ndege wawili? Nikakikumbuka kile kitenge, kweli, walikuwa ndege wawili wanakula mdomo kwa mdomo. Mama Brigitte.

Jumapili. Sikulala vizuri, sikula. Baridi ya Doornfontein, mtaa wa kanisa letu, unaisikia mpaka ndani ya mifupa, na kanisa lenyewe ni bati juu na saruji chini. Nilikaa kwenye kiti changu nikakishika pande zote mbili. François alikuwa amekaa karibu, koti limeshonwa vibaya na mtu mwingine. Kwaya imeimba, mahubiri yamekwisha, matangazo yamekwisha. Pasta akanitazama. Watu wote wakanitazama. Nikainuka niseme ukweli, Marthe, ninaapa nilikuwa nimefungua mdomo.

Mlango ukafunguka. Madame Yagoda, amevaa lile koti lake refu, skafu tatu. Akaja mpaka mbele. Akafungua skafu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akavua koti. Gauni jekundu lote, kiunoni limekaa kama amezaliwa nalo. Nimelishona mimi.

Halafu ndipo akasema maneno yake ya kwanza: Pole kwa jana. Siku moja kabla ya kuimba mimi sisemi na mtu, hata mume wangu alikuwa ananiandikia. Na dirisha nililifunga kwa sababu upepo ni adui wa koo, na nilikuwa nimeshaanza kupumua.

Akaimba.

Alikuwa amenieleza kwamba katika kazi yao watu wananyamaza mpaka mwisho, hata kukohoa ni dhambi. Nilikuwa nimewaonya wote kanisani, tangu Februari, nimewatisha hata watoto. Basi wakanyamaza. Alianza chini, polepole, kwa lugha ya kwao, kisha akapanda. Bati zikaanza kulia. Sio mfano, bati zenyewe. Akafika mahali pamoja juu, akakaa pale, na jasho likamtoka katika baridi ile.

Mtu mmoja akainuka. Sitataja jina. Mtu huyo akatoa leso mfukoni, akaenda mbele ya watu wote, akampangusa uso katikati ya wimbo, kama tunavyowafanyia waimbaji wetu. Madame akakata wimbo. Nilitamani ile saruji ifunguke inimeze, yaani immeze mtu huyo.

Yeye akamtazama, akatazama leso. Akasema kwa Kifaransa, taratibu, wanawake wa kiwandani walikuwa wananifanyia hivi hivi. Akacheka. Akaanza tena mwanzo, na sasa kwa nguvu, na kanisa lote likainuka, mama wote na leso zao, vigelegele, vitenge vinatandikwa chini, Mama Brigitte analia hajui kwa nini. Kwaya ikaingia pasipo kujua wimbo. Mimi nikaingia na besi. Alinitazama vibaya mara moja tu.

Mwisho François akasimama juu ya benchi akatangaza kwamba jana kuku amepokelewa. Vigelegele vikaanza upya. Madame Yagoda akaniinamia, akauliza, sasa wanashangilia nini?

Nikamwambia wanashangilia sauti.

Kiti ni changu.

Ruphin


Katuba
6 Julai 2025

Yaya Ruphin,

Salamu zote. Sisi wazima na tumejaa vicheko, barua yako imesomwa mpaka imelegea kwenye mikunjo. Jirani anataka asomewe tena wakati wa kufua.

Furaha yangu kwa ajili ya kiti ni kubwa, lakini sio kubwa kuliko ile nyingine. Kuku alipokelewa kwa mikono miwili mbele ya mashahidi. Mama Brigitte amethibitisha kwa mdomo wake. Nimewajulisha wa Moba. Baba mdogo Elisée anasema mahari italetwa, ila anauliza Shibenik inafikiwa kwa njia gani, na kama kule wanakubali mbuzi.

Mama Brigitte ameniambia na jambo lingine ambalo barua yako imelisahau, kwamba leso ya mtu yule asiye na jina haijarudi kwake mpaka leo.

Nami nina neno moja tu la kukuuliza, yaya, nimelirudia tangu Machi na umelizunguka kama kuku anavyozunguka jiko. Ndakala ni za nani?

Marthe


La Rochelle
3 Agosti 2025

Mdogo wangu Marthe,

Salamu. Wazima. Orpha ameanza kuimba, analia juu kabisa kama king'ora, Madame Yagoda anasema kuna kitu pale ndani ila kwanza apumue mwaka mzima.

Waambie wa Moba wakae chini. Hakuna posa, hakuna mahari, mbuzi wabaki na maisha yao. Nilikwenda kwake nikamweleza yote, ua, kisima, kuku, ndege wawili, nikamwomba msamaha kwa mdomo wangu mwenyewe, peke yangu, kama mwizi wa sufuria. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema amekufa kwa ajili ya mapenzi katika miji yote mikubwa ya Ulaya, na katika miji yote hiyo hakuna mwanamume aliyewahi kumletea kuku. Akasema Jumatano nije mapema.

Kuku hakuchinjwa. Yuko uani kwake, anataga. Amempa jina François kwa sababu ya maneno mengi.

Ninakwenda Jumatano, na siku hizi Ijumaa pia. Anazikaanga kwa mafuta ya zeituni, na limau, na kitunguu saumu, kama mama yake alivyokuwa anazifanya zile za kiwandani zilizovunjika, tunakula kwa mikono dirisha likiwa limefungwa. Kooni hazikwami.

Uliniuliza ndakala ni za nani. Ni zetu. Tuma gunia.

Ruphin